Orodha Niliyoituma kwa Wazazi

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Shija huko Misungwi, kwenye kiwanja alichokinunua akiwa bado kazini na ambako alihamia mara tu alipostaafu. Watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu. Walisema alikuwa mkali, kwamba mwandiko wake ubaoni ulikuwa kama umechapwa, kwamba katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kuchelewa kipindi. Msemaji wa shughuli aliponiashiria na mimi niseme neno, nilitikisa kichwa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nililokuwa nalo halikuwa la kusemwa kwa dakika tatu juani mbele ya jeneza, na tena lilihusu kosa langu kabla ya kuhusu wema wake. Nikarudi nalo Mwanza. Sasa naliandika, na naanza moja kwa moja na mwaka ule, maana nilikozaliwa na walionilea si sehemu ya habari hii.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wangu wa kwanza kazini, nimekabidhiwa darasa la sita katika shule ya msingi iliyokuwa jirani na mwalo upande wa Ilemela, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Upepo wa ziwa ukigeuka, darasa zima lilinuka dagaa, na baada ya wiki mbili pua yangu ikaacha kulalamika. Nilipanga chumba Buzuruga, nyuma ya stendi: kitanda, meza, na jiko la mkaa lililokaa barazani. Asubuhi niliamshwa na wapiga debe wakiita Magu, Lamadi, Bunda, nikawa najua saa kwa sauti zao kabla sijaangalia simu. Simu yenyewe ndiyo ilikuwa fahari yangu. Ilikuwa ya kupangusa, yenye kamera nzuri, na pamoja na kompyuta ndogo niliyotoka nayo chuoni ilinifanya nijione nimeletwa pale kuwafundisha hata walimu wenzangu.

Ofisi ya walimu ilikuwa na meza moja ndefu, kabati lisilo na mlango, na chupa kubwa nyekundu ya chai. Saa nne tulikula viazi vitamu vya kuchemsha kwa chai ya rangi, na hapo ndipo nilipokuwa nahubiri. Niliwaambia barua za kupelekwa na watoto zimepitwa na wakati, nusu yake zinaishia kuwa mipira njiani. Nikawaonyesha grupu la wazazi wa darasa langu kwenye simu. Mwalimu Shija, mama aliyekuwa amebakiza mwaka huo mmoja tu astaafu, alikuwa akimenya kiazi chake taratibu kwa kucha ya kidole gumba.

"Humo ndani wako wazazi wote?" aliniuliza siku moja.

"Karibu wote. Wenye vitochi nawatumia meseji za kawaida."

"Na wanajibu?"

Nikasema wanajibu. Ukweli ni kwamba walijibu watu sita au saba, wale wale kila siku, na wa kwanza wao alikuwa Baba Neema, mwenye duka la dawa kando ya barabara, ambaye alikuwa na uwezo wa kujibu hata kabla sijamaliza kuandika. Mimi kimya cha wale wengine nilikihesabu kuwa ni kukubali.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililolifanya vizuri mwaka ule, na silionei haya. Tulikuwa na mradi wa darasa tuliouita Kazi za Watu wa Kwetu. Wanafunzi, kwa makundi na kwa zamu, walichukua simu yangu nikiwa nimesimama pembeni, wakaenda kwa watu wa mtaani, wakawapiga picha na kuwarekodi wakieleza kazi zao. Kisha tulirudi darasani tukaweka picha na sauti pamoja kwenye kompyuta. Hapo ndipo nilipomwona Kabula. Darasani alikaa nyuma, msichana mrefu mwenye shingo nyembamba, na ukimwambia asome kwa sauti alisoma kwa kusuasua mpaka wenzake wakaanza kukohoa. Lakini mpe simu ya kurekodi, alikuwa mtu mwingine. Kwa fundi mitumbwi wenzake waliuliza mbao zinatoka wapi, misumari ni mingapi. Kabula alisubiri wamalize, akauliza: "Unajuaje kwamba mtumbwi umekwisha?" Yule mzee akaweka randa chini, akacheka. "Hauishi, mwanangu. Mwenye nao ndiyo anakuja kuuchukua." Niliusikiliza mkanda ule chumbani kwangu mara tatu nikigeuza ugali, na sikufikiri hata kidogo juu ya yule mtoto kwamba siku chache baadaye ningekuja kumdhuru.

Ilikuwa mwezi wa tano. Tulisahihisha jaribio, na mimi nikatengeneza orodha kwenye kompyuta, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ikiwa na majina yote mawili. Watano wa juu niliwapaka kijani. Watano wa chini nikawapaka nyekundu. Nilipenda ilivyokuwa nadhifu. Ijumaa saa tisa alasiri, nikiwa nimeketi kwenye ile meza ndefu, niliituma kwenye grupu na kuandika chini yake: "Wazazi, tushirikiane." Aliyekuwa mwisho kabisa, kwenye wekundu, alikuwa Kabula. Baba Neema alijibu papo hapo: "Hongera mwalimu kwa uwazi! Huyu wa mwisho ni mtoto wa nani jamani?" Akaweka na vile visura vya kucheka. Nilikiona kile kicheko, nikakiacha kipite. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko ile orodha yenyewe.

Jumatatu Kabula hakuja. Jumanne hakuja. Mama yake alikuwa na kitochi, kwa hiyo nilimtumia meseji kwa Kiswahili safi cha chuoni, nikimjulisha kwamba mahudhurio ya mwanafunzi yanatia shaka. Jumatano nikatuma ya pili, Alhamisi ya tatu. Hakujibu, na nikaanza kumwona mzazi asiyejali. Alhamisi hiyo hiyo Mwalimu Shija alifunga rejista yake, akaniuliza yule mtoto yuko wapi.

"Nimemwandikia mama yake mara tatu," nikasema. "Hajibu."

"Umemwandikia? Yule mama hasomi."

"Mbona hajaniambia kwamba hasomi?"

Mwalimu Shija aliisukuma rejista pembeni. "Angekuambiaje, mwanangu? Kwa kuandika?"

Walimu wengine walikuwepo, na mmoja alicheka ndani ya kikombe chake. Yeye hakucheka. Alisimama, akajifunga mtandio, akasema twende mwaloni sasa hivi, kipindi chake cha mwisho atakifidia kesho. Njiani hakunisema. Aliniuliza tu kama nimekula.

Mama Kabula alikuwa akigeuza dagaa kwenye chanja, yeye na wanawake wengine wapatao kumi. Alinizidi umri kwa miaka mingi, lakini tangu tufahamiane yeye ndiye aliyekuwa akinipa shikamoo, kwa sababu ya ualimu wangu, nami nilikuwa nikiipokea. Siku ile hakunipa. Nikampa mimi. Aliitikia marahaba bila kuinua uso, mikono ikiendelea na kazi.

"Mwalimu, hii orodha yako nimesomewa hapa hapa," alisema. "Huyu jirani yangu ana simu kubwa. Alisoma kwa sauti, jina moja moja, sisi tunasikiliza kama redio. Kabula alikuwa kasimama hapo na ndoo. Kila jina likitajwa ananiangalia, anasubiri lake. Akasubiri mpaka mwisho."

Nilianza kusema kwamba nia yangu ilikuwa njema. Mwalimu Shija alinigusa kiwiko nikanyamaza.

"Kama mtoto wangu ni wa mwisho, si ungeniambia mimi?" Mama Kabula aliendelea. "Ningeuliza tufanyeje. Mimi ndiye nimemzaa. Hawa wote uliowaambia hawajamzaa."

Akatueleza kwamba Kabula alikataa kurudi shule. Amekwenda Magu kwa bibi yake kuvuna mpunga, na amesema atakaa huko huko. Nilimuuliza kama atakwenda kumchukua. Hapo ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza.

"Mfuate wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyemfukuza."

Nimekuwa mwalimu mkuu sasa, na vijana wanaokuja kwangu wana simu zinazofanya mambo ambayo yangu haikuyaota. Huwa wananiuliza kwa nini nawasumbua kwa maswali kila wanapotaka kutuma kitu kwa wazazi: nani ataisoma, atamsomea nani, mtoto atakuwa amesimama wapi. Wanadhani ni uzee. Siwaambii kwamba maswali hayo niliyapata kwenye chanja ya dagaa, na kwamba mama aliyenipa alinipa bila matusi wakati alikuwa na kila haki ya kunitukana mbele ya wenzake. Siku ile niliona aibu tu. Shukrani zilinichukua miaka kuja.

Jumamosi ile asubuhi Mwalimu Shija alinikuta stendi nikitafuta gari la Magu, amevaa viatu vya shambani na ameshika mfuko wa sukari na majani ya chai. "Simu umeibeba?" aliuliza. Nilidhani angependa niiache. "Ibebe. Iliharibu, nayo ikatengeneze." Kutoka Magu mjini tulitembea kwenye kingo za majaruba ya mpunga mpaka nyumbani kwa bibi yake Kabula, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye sebule ndogo ya giza la kupendeza, magunia ya mpunga yamepangwa hadi dirishani, na vigoda vitatu. Mwalimu Shija alisalimia mwangaluka, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya Kisukuma, lugha ambayo mimi nilijua salamu zake na asante yake tu. Tuliletewa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, imechemshwa pamoja na karanga. Nilikula nikisikia maneno yakinipita juu ya kichwa, nikilitambua moja tu lililokuwa likirudi rudi, nalo ni simu.

Kabula aliingia kutoka jarubani, matope hadi magotini. Aliponiona alisimama mlangoni, kisha kwa adabu akaja kunipa shikamoo na kukaa sakafuni karibu na kigoda changu, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Bibi na Mwalimu Shija waliendelea kuongea.

"Wanasema nini?" nilimnong'oneza.

Alitega sikio kwao kwanza. "Bibi anauliza kama wewe ndiye mwenye ile simu."

"Na Mwalimu Shija amejibuje?"

"Amesema ndiyo. Amesema wewe bado mdogo, lakini unafundishika."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinitoa machozi. Labda kwa sababu sikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, nimeyasikia kwa kinywa cha mtoto niliyemwumiza, naye aliyatafsiri bila kuyapunguza wala kuyapamba. Niliomba ruhusa nimwonyeshe bibi kitu. Nikafungua ule mkanda wa fundi mitumbwi. Bibi aliishika simu sikioni kama anayepigiwa, na sauti ya mjukuu wake ilipouliza swali lake alimgeukia pale alipoketi, akairudisha simu sikioni, akamgeukia tena. Aliusikiliza mara mbili. Kisha akasema jambo lililomfanya Mwalimu Shija acheke mpaka akajifuta macho, na Kabula akainamisha uso.

"Anasema nauliza maswali kama mwenyekiti wa kijiji," alinitafsiria.

Tulitoka nje, mimi naye, tukasimama kando ya mkeka ulioanikwa mpunga. Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia yeye mwenyewe, kwa jina lake, na nilimwambia kosa lilikuwa lipi. Alikuwa akiusawazisha mpunga kwa unyayo.

"Ile orodha bado ipo?" aliuliza.

"Nimeifuta kwenye simu yangu na kwenye grupu."

"Na kwenye simu zao?"

Ningeweza kumdanganya, na angeniamini. "Huko siwezi kufika," nikasema. "Waliokwisha kuihifadhi wanayo. Ninachoweza ni kuwaomba. Na nitawaomba kwa sauti yangu, ukisikiliza."

Nikarekodi pale pale. "Wazazi, shikamooni. Ni Mwalimu Zuhura. Ijumaa ile niliweka matokeo ya watoto wenu mbele ya watu wote. Haikuwa haki yangu. Matokeo ni ya mtoto na mzazi wake. Nimekosa, naomba mnisamehe, na naomba kila aliyeihifadhi ile orodha aifute. Kuanzia sasa nitampigia kila mzazi peke yake." Mwalimu Shija alikuja akaichukua simu, akayarudia maneno yangu kwa Kisukuma. Alipomaliza, Kabula alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ameongeza," akaniambia.

"Ameongeza nini?"

"Amesema atakayebaki nayo, atamtembelea nyumbani kwake."

Ujumbe ule ulitoka tulipofika barabarani, mtandao uliporudi. Kwa muda mrefu hakuna aliyejibu, hata Baba Neema. Kisha, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha kibanda cha mama muuza chai, uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa namba ambayo haikuwahi kuandika neno lolote kwenye grupu. Ilikuwa sauti ya mwanamume, mbuzi wakilia nyuma yake. "Mwalimu, mimi baba yake Doto. Nimo humu tangu mwanzo. Kuandika ndiyo kunanishinda. Kumbe humu tunaweza kuongea tu?" Baada yake akaja mama mmoja, kisha mwingine, mwingine tena, baadhi kwa Kiswahili, baadhi kwa Kisukuma, mmoja kwa Kijita. Mwalimu Shija alinitafsiria alivyoweza. Jioni Baba Neema aliandika mstari mmoja: "Nami nisamehewe kwa kile kicheko." Alikuwa mtu mwepesi wa maneno lakini si mtu mbaya, na mstari ule, najua, ulimgharimu.

Kabula alirudi Jumatano iliyofuata, kucha zikiwa bado na tope la jaruba. Sikumpa hotuba. Nilimpa kazi. Nilimwambia mradi wetu unahitaji maandishi chini ya kila picha, na kwa kuwa yeye ndiye aliyerekodi, yeye ndiye aandike. Kila siku baada ya masomo alikaa ofisini pembeni ya ile chupa nyekundu, anasikiliza sentensi, anasimamisha, anaiandika, anaisoma, anasikiliza tena kuona kama amekosea. Maneno alikuwa anayajua tayari, ameyasikia yakisemwa, kwa hiyo herufi zilikuwa zinamfuata yeye badala ya yeye kuzikimbiza. Hilo sikulifundishwa chuoni. Mwalimu Shija ndiye aliyelitambua kwanza, akawa anakaa karibu naye akisahihisha madaftari yake na kujifanya hasikilizi.

Mwezi wa tisa tulikwenda kumrekodi mama yake. Kabla hajakubali aliniuliza: "Nani atasikia?" Nikamuuliza yeye angependa nani asikie. Alifikiri. "Mama yangu kule Magu. Na hilo darasa, na wazazi wao." Basi ikawa hivyo. Siku ya maonyesho tulifunika madirisha ya darasa kwa vitenge, tukaazima projekta, na wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yamegusa mbao. Picha ya Mama Kabula ilipotokea ukutani, na sauti yake ikieleza namna ya kusoma mawingu kabla ya kumwaga dagaa, hakuna aliyekohoa. Ilipokwisha, Baba Neema alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mama Kabula, mbona dagaa ninazokula kwangu zina mchanga?"

"Unanunua kwa wavivu, baba," alimjibu kutoka dawati la nyuma. "Njoo kwangu." Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilisahihishwa, na Mwalimu Shija alikuwa ameanza kufunga vitabu vyake kwenye boksi. Nilikuwa nimezoea sasa: kila Ijumaa niliwapigia wazazi wachache, mmoja mmoja, na kumwambia kila mmoja jambo zuri alilofanya mtoto wake na jambo la kushughulikia. Siku hiyo nilimpigia Mama Kabula mchana, nikijua yuko mwaloni. Nilimwomba asogee pembeni, nikamsikia akitembea kwenye mchanga. Nikamwambia Kabula amefaulu masomo yote isipokuwa hisabati. Si wa kwanza, wala hayuko karibu na wa kwanza, lakini nimempa aya ambayo hajawahi kuiona maishani mwake na ameisoma mpaka nukta ya mwisho. Hisabati tutaishughulikia mwakani.

Nilisikia ndege wa ziwani na injini ya mtumbwi.

"Mwalimu," akasema, "hii ni yangu mimi?"

"Ni yako na Kabula."

"Basi nikitaka kuwaambia watu, nawaambia?"

"Ni yako, mama. Ukipenda."

Hakuniaga. Nilimsikia akigeuka na kuita kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi ulioko mbali, na nikalisikia jina la Kabula katikati yake. Kisha vigelegele vilianza, kimoja, halafu vingi. Alikuwa amesahau kukata simu. Mwalimu Shija aliacha boksi lake, akaja kukaa nami kwenye ile meza, nikaweka simu katikati yetu, na tukasikiliza mpaka muda wangu wa maongezi ulipokwisha.